Watu wa Constantinople: Wagiriki au Warumi?

Kuwaita watu wa Constantinople (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola ya Kirumi ya mashariki, Wagiriki kuna mantiki ya lugha. Kufikia karne ya 7 Kigiriki kilikuwa kimeshatawala ofisi za dola yao, na kanisani kilikuwepo tangu zamani. Ila wenyewe jina Hellene, yaani Mgiriki kwa Kigiriki, walilikwepa kwa karne nyingi. Masikioni mwao lilimaanisha mpagani, mtu wa kumtambikia Zeus.

Warumi ndilo jina walilojiita. Mji wao, uliozinduliwa na mfalme Constantine mwaka 330, ulikuwa Roma Mpya, na wafalme wao walijihesabu warithi wa Augusto, mfalme wa kwanza wa Roma, hadi Waturuki Waosmani walipouteka mji huo tarehe 29 Mei 1453. Msomaji wa Kurani hapa hahitaji kufundishwa: Warumi wanaotajwa kushindwa mwanzoni mwa Surat Ar-Rum si watu wa Italia, ni hawa hawa, waliopigwa na Waajemi. (Hilo la "Wabizanti" ni jina lililoenezwa na wasomi wa Ulaya, dola yenyewe ikiwa imeshakufa.)

Mimi naelemea Warumi, na kilichonivuta ni kisa alichosimulia mwanahistoria Peter Charanis, mzaliwa wa kisiwa cha Lemnos, kilichokuwa bado chini ya Waosmani. Mwaka 1912 askari wa Ugiriki waliteremka kisiwani, watoto wakakimbilia kuwachungulia. Askari mmoja akauliza wanatazama nini. Wakasema wanawatazama Wahellene. Kwani ninyi si Wahellene? Hapana, wakajibu, sisi Warumi. Na jibu hilo walilitoa kwa Kigiriki.