Stoo za mnada Houston: pete ilikuwa kwenye kopo la biskuti

Wadau mlioniuliza kuhusu stoo za mnada huku Marekani, mimi nimeshanunua tatu hapa Houston kupitia tovuti ya mnada ya StorageTreasures. Mtu akikodi stoo akaacha kulipa, sheria inamruhusu mwenye jengo auze vitu afidie deni, wanakata kufuli wanapiga picha kutokea mlangoni wanazirusha mtandaoni, watu mnaanza kupandishana dau. Hufungui boksi hata moja kabla hujalipa, kwa hiyo zikague picha kona kwa kona. Mimi naangalia maboksi yamefungwaje, yaliyopigwa gundi vizuri yakaandikwa "jikoni" au "chumba cha mama" ni ya mtu aliyejali vitu vyake, ila ukikuta vimevurugwa ujue mwenyewe alisharudi kuchukua cha maana.

Hii ya tatu, futi 10 kwa 10, nilishinda kwa dola 310, juu yake weka asilimia ya tovuti, lori la kukodi, na dhamana ya usafi dola 100 wanayorudisha ukiacha peupe. Siku ya kwanza niliishiwa nguvu, magodoro yananuka unyevu, tivii za chogo mbili. Usiku mke wangu akafungua lile kopo la bluu la biskuti, si mnayajua, humo huwa nyuzi na sindano tu, akamwaga vifungo mezani kikadondoka kitu kimezungushiwa uzi mweusi. Kufungua, pete nyembamba, ndani imegongwa 14K, yaani dhahabu ya karati 14! Sonara akaipima akatupa dola 240. Tangu hapo kila mfuko wa koti naingiza mkono, droo naichomoa nzima nione nyuma yake.

Lile gari la filamu ya James Bond la kuzama majini lilikutwa kwenye stoo Long Island mwaka 1989 kweli, lakini msiingie na hesabu hiyo, ingieni na hesabu ya kopo.

Tovuti naipa nyota 4. Jengo lenyewe silitaji, nyota 2, walinipa saa 48 za kuhamisha vitu na Jumapili geti limefungwa siku nzima. Halafu albamu za harusi na vyeti vya kuzaliwa ni lazima urudishe ofisini, nikarudisha, dada wa mapokezi akataka kuviweka chini pembeni ya pipa la taka. Nikamwambia hapana dada yangu, mpigie simu mwenye vitu nikiwa hapa hapa. Akapiga.