TAHADHARI: "Seaview halisi" ya dola 6,500 ni modeli ya kuunganisha

Wapenzi wa filamu za zamani, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya wakusanyaji akinadi modeli ya Seaview, nyambizi ya kwenye filamu. Anadai ndiyo iliyopigwa picha katika Voyage to the Bottom of the Sea, filamu ya Irwin Allen ya 1961, na kwamba imekaa stoo kwa mjomba wake tangu wakati huo bila kuguswa. Anataka dola 6,500, nusu itangulie. Msitume hata senti.

Nilimwomba vipimo, akasema urefu ni sentimita 99. Basi hapo hapo nikamjua. Seaview za kupigia picha za 20th Century Fox zilikuwa za futi 4, futi 8 na nusu, na futi 17 na ushee. Hiyo ya mwisho inapita mita 5, ndefu kuliko Probox! Wala ukubwa huo haukuwa mbwembwe. Nyambizi unaweza kuipunguza utakavyo, lakini tone la maji na povu havipungui, na modeli ikiwa fupi mno mtazamaji anaona mdoli ndani ya beseni. Ndiyo maana mafundi walijenga kubwa, wakapiga picha kwa kamera ya kasi, ili filamu ikirudi kwenye mwendo wa kawaida mawimbi yaonekane mazito.

Sasa, sentimita 99 ni nini? Moebius Models wanauza Seaview ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1/128, ambayo ikikamilika inakaribia mita moja. Ni modeli nzuri kabisa, nawasifu. Huyu bwana ameipaka rangi ya uzee na kutu ya uongo, akaongeza sifuri kwenye bei.

Tazameni na pua. Yake ina madirisha manne, na chini yake mlango wa Flying Sub, kile chombo kidogo cha kuruka na kuzama kinachotoka ndani ya Seaview. Seaview ya 1961 ilikuwa na manane, safu mbili, na Flying Sub ilikuja na msimu wa pili wa tamthilia ya televisheni iliyotokana na filamu hiyo, 1965. Ni kweli studio ilizibadilisha modeli zake kwa ajili ya televisheni, kwa hiyo ya kweli inaweza kuwa na manne. Lakini basi isiwe "haijaguswa tangu 1961". Achague moja.

Nilipomtaka aipige picha pembeni ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, akanitumia cheti chenye mhuri wa dhahabu, kisha akaniblok. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshalipa nusu. Namba ya mzigo aliyopewa haipo popote.

Juzi ameibuka kwa jina jingine, anauza Nautilus, nyambizi ya filamu ya Disney ya 1954. Zulia kwenye picha ni lile lile jekundu lenye doa la rangi kushoto. Aliyelipa kwa kadi aipigie benki yake leo kupinga malipo, na ahifadhi picha za mazungumzo yote kabla jamaa hajayafuta.