Fundi wa tanuri la kuni hapa Malindi, huyu anajua kazi

Nna tanuri la kuni uani la kuokea mikate na samaki, sasa tangu masika yaanze likawa halishiki moto, nawasha masaa mawili mazima moshi unarudi mlangoni, mkate juu umeungua chini bado mbichi. Fundi wa kwanza akanambia libomolewe lote lijengwe upya, wallahi iliniuma sana. Huyu wa pili hakugusa hata tofali, aliuliza kuni ziko wapi. Akachukua mbili akazigonganisha, zikatoa sauti nzito, akasema huu mvinje bado mbichi, kuni ya juzi karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji na moto unaishia kuyachemsha hayo maji kwanza, ngoja maji yashuke chini ya asilimia 20 ndo uchome. Kisha akasugua bomba la moshi, masizi ndoo nzima! Na sakafu ndo ilikuwa tatizo kubwa, matofali yamelazwa juu ya zege tupu joto lote lazama chini, akafumua akaweka vamikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto lisipite) na simiti, ule mchanganyiko unaowekwa kwenye majiko ya makaa yenye udongo ndani. Alichelewa siku moja bila kupiga simu, hilo sikulipenda, lakini bei yake ya haki.

Jana nimewasha, dari la ndani lililokuwa jeusi likaungua masizi yote likawa jeupe, mkate umeiva juu na chini mashaallah. Mwiteni.