Kununua chenso yako au kuanza chini ya fundi

Anayetaka kuishi kwa kukata miti ya mijini, ile miembe na mikaratusi iliyoinamia mapaa, huwa na njia mbili: kununua chenso na kutafuta wateja mara moja, au kujiunga kwanza na kundi la fundi mzoefu.

Njia ya kwanza huvutia kwa sababu malipo yote ni yake. Lakini ukuta wa jirani ukibomoka, hasara nayo ni yake. Tena mashine ndiyo sehemu rahisi, kwani hata uwiano wa petroli na oili, ambao kwa chenso nyingi za sasa ni 50 kwa 1, hujulikana ndani ya siku moja.

Anayeanza kwa fundi hulipwa kidogo, na kwa miezi kadhaa hushika kamba na kuburuta matawi tu. Hata hivyo, hapo ndipo anapoona jinsi pengo linavyokatwa upande ambao mti utaangukia, kwa kina cha kati ya robo na theluthi ya shina, na jinsi mkato wa nyuma unavyosimamishwa kabla ya kulifikia, ili ubaki ukanda mwembamba unaouongoza mti kama bawaba ya mlango. Aliyejifundisha mwenyewe aghalabu huukata ukanda huo wote, na mti hujichagulia pa kulala.

Kwa mti ulio peke yake shambani, njia ya kwanza inavumilika. Kwa mti uliogusa nyaya, ambao hata fundi hauparamii kabla shirika la umeme halijazima laini, mimi ningeanza na kamba.