Ukinunua raba, geuza soli kwanza

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina pea nne za raba, na zote ni nje ya yale majina mawili matatu yaliyojaa kwenye mabango na kwenye jezi za timu. Wengi mmeniandikia mkiuliza: nikitaka raba ambayo haikuumiza watu wala mazingira wakati inatengenezwa, na mfuko wangu ni wa kawaida, nichukue ipi? Nitawajibu kiatu kikiwa mkononi.

Kabla sijashika pea ya kwanza, tuelewane tatizo liko wapi. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walipima hewa ukaa inayotokana na pea moja ya raba za kukimbilia, kuanzia malighafi hadi siku inapotupwa. Walipata kama kilo 14. Kiatu kile kilikuwa na vipande 65 na kilipitia hatua zaidi ya 360: kukata, kushona, kuyeyusha, kumimina, kubandika. Zaidi ya theluthi mbili ya hewa hiyo ilitoka kiwandani, sehemu kubwa kwa sababu ya umeme wa makaa ya mawe. Meli na malori vilichangia kidogo tu. Maana yake, raba ikishafika dukani, madhara yake karibu yote yameshatokea. Uivae miezi sita uitupe, au uivae miaka minne, zile kilo ni zile zile. Ndiyo maana mimi nikishika raba sianzi na jani la kijani lililochorwa kwenye boksi. Naigeuza, naangalia soli.

Haya, hii nyeupe ni Veja, toleo la V-10, la ngozi. Naisogeza karibu na kamera. Mnaona huu mstari wa uzi unaozunguka ukingo wa soli? Huo ni mshono. Soli imeshonwa, haikuachiwa gundi peke yake. Kwa mtu anayetembea kwenye lami ya Dar saa saba mchana, jambo hilo ni kubwa, maana gundi ndiyo ya kwanza kushindwa na joto. Mshono ukikatika, fundi viatu anapitisha sindano kwenye matundu yale yale, na uzi wa nailoni, kiatu kinarudi barabarani.

Veja ilianzishwa na Wafaransa wawili, Sébastien Kopp na François-Ghislain Morillion, na raba zao za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2005. Viatu vyao vingi vinashonwa Brazili. Mpira wa soli wananunua kwa familia za wagema mpira ndani ya msitu wa Amazon, hasa jimbo la Acre. Acre ndiko alikotoka Chico Mendes, mgema mpira aliyepigania msitu usikatwe kwa ajili ya ng'ombe, akauawa Desemba 22, 1988. Mti wa mpira hauangushwi. Unachanjwa gome, utomvu unakingwa, mti unaendelea kuishi. Kwa hiyo mgema akilipwa bei nzuri, ana sababu ya kuulinda msitu badala ya kuuza ardhi ikageuzwa malisho. Mimi hapa ndipo kampuni hii inaponigusa. Hawatangazi kwa mabango wala kwa wachezaji maarufu, wanasema fedha hiyo wanaipeleka kwenye malighafi na kwa watu wanaofanya kazi. Mwaka 2020 walifungua pia karakana ya kutengeneza raba zilizochakaa, mjini Bordeaux.

Lakini tusipambe. Soli hii si mpira wa msituni mtupu, umechanganywa na mabaki ya mpunga na mpira wa viwandani, na kampuni yenyewe inalisema hilo wazi. Ngozi yake inajulikana kwa ugumu siku za mwanzo, kwa hiyo vaa soksi nene kidogo. Halafu bei: Ulaya inacheza kwenye euro 150, yaani zaidi ya laki nne za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru. Kwa ndugu zetu walioko Paris au Brussels, sawa. Kwa mwalimu wa Mbagala, siwezi kumwambia aende akope.

Ya pili ni hii ya sufu, Allbirds. Hii nitakwenda haraka. Iliingia sokoni 2016, waanzilishi wakiwa Tim Brown, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa New Zealand, na mwenzake Joey Zwillinger. Tangu 2020 walianza kuandika kwenye kila kiatu kiasi cha hewa ukaa kilichotokana nacho, na wastani wao wakati ule ulikuwa kilo 7.6. Karibu nusu ya zile 14. Hilo nawapa heko, na natamani kampuni kubwa zote zilazimishwe kuandika hivyo. Sponji ya soli inatokana na miwa ya Brazili. Ila ibonyezeni kwa macho: ni sponji tupu, imebandikwa, haina mahali pa kupitisha sindano. Ikishabonyea imebonyea. Na sufu, jamani, ukiwa Oslo ni raha, ukiwa Tanga mwezi wa pili miguu haitakushukuru.

Sasa hii ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. soleRebels, kutoka Addis Ababa. Bethlehem Tilahun Alemu aliianzisha mwaka 2004 kwenye mtaa aliokulia wa Zenabwork, akiajiri watu wa mtaani hapo. Juu ni pamba iliyosokotwa kwa mkono, chini ni tairi la gari. Shikeni mawazo yenu hapo kwenye tairi. Ethiopia wana viatu vya tairi vya miaka mingi, sisi tuna makatambuga, Wakenya wana akala. Ni ujuzi ule ule. Yeye alichofanya ni kuuchukua, akaupa umbo la raba ya mjini, akauza hadi nje ya bara hili. Tairi lilitengenezwa libebe gari kwenye kokoto. Mguu wako hauwezi kulimaliza. Ni zito kuliko sponji, na haliruki ruki ukikimbia, kwa hiyo hii ni raba ya kutembelea, si ya mazoezi.

Wakimbiaji, najua mtaniuliza. Kenya kuna Enda, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy. Kiatu chao cha kwanza kinaitwa Iten, kwa heshima ya mji wa wakimbiaji, na walichangisha fedha zake mtandaoni 2016. Leo sina pea yao mezani, kwa hiyo siipi alama.

Pea ya nne ni mtumba wa soko la Karume, Dar. Kwa hesabu ya hewa ukaa, hakuna raba mpya inayoishinda raba ambayo tayari ipo. Ila hapa lazima muwe makini sana, kwa sababu wengi hulizwa. Kuna soli zinazotengenezwa kwa aina ya plastiki laini iitwayo polyurethane. Unyevu wa hewa huivunja kutoka ndani, pole pole, hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Ukiichukua sokoni inang'aa, ukivuka barabara soli inamomonyoka vipande vipande. Pwani yetu yenye joto na unyevu ndiyo inaharakisha.

Angalieni ninavyopima. Ukucha wa kidole gumba, nabonyeza ubavuni mwa soli. Ikirudi haraka, vizuri. Ikiacha alama, au ukihisi unga unga, au inanata kama pipi iliyolambwa, rudisha hata kama jina ni kubwa. Halafu nakikunja kiatu katikati, naangalia nyufa nyembamba pale soli inapokutana na ngozi. Hii hapa ni soli ya mpira mzito, imeshonwa pande zote. Niliichagua kwa hilo tu.

Na mtumba nao una lawama zake. Viatu vibovu kwenye marobota huishia kwenye madampo yetu, si kwao. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilishikilia msimamo wa ushuru mkubwa, na 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tahadhari moja ya mwisho: ukiona raba imeandikwa "ngozi isiyo ya mnyama", uliza ni ya nini hasa. Mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na kwenye jua letu hubanduka magamba.

Kwa hiyo mfuko wa elfu sitini: mtumba wenye soli ya mpira iliyoshonwa, ukitoka hapo pitia kwa fundi aimarishe mshono kabla hujaanza kuvaa, usisubiri ifumuke. Mwenye uwezo wa kuagiza, chukua za Addis kwanza, Veja baadaye. Aliye ugenini kwenye baridi, Allbirds haina ubaya ukiitunza. Niandikieni hapo chini mnavaa saizi gani na mnatembea zaidi kwenye nini, lami, vumbi au mchanga, maana natafuta mafundi wa makatambuga walioanza kushona raba zilizofungwa, na nataka pea zao zije kupimwa na miguu tofauti, si wangu peke yake.