Bandama limevimba, miezi minane nazunguka kutafuta chanzo (uzoefu wangu)

Ilianza kwa kushiba haraka tu, nakula vijiko vitano tumbo limejaa, halafu kuna kitu kizito chini ya mbavu za kushoto. Kliniki ya kwanza wakapima malaria, hakuna, wakanipa dawa ya malaria eti kwa tahadhari. Sikatai malaria ya kujirudiarudia inavimbisha bandama, ila kipimo kimekataa mara tatu jamani! Wakanipeleka ultrasaundi, majibu mstari mmoja, "bandama kubwa, sm 17", wakati la mtu mzima huwa kama sm 12 hivi. Kwa nini limekua? Kimya. Hao nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi.

Miezi imepita ndo nikafika kwa bingwa wa damu. Nimelala kitandani akaanza kubonyeza chini kulia karibu na nyonga, nikamwambia dokta tatizo liko kushoto, akacheka, akasema bandama likikua linashuka kuja huku, nikianzia juu naweza kulipita nisijue. Vuta pumzi, achia, vuta tena, akapanda taratibu mpaka likagusa vidole vyake.

Halafu maswali sasa, nilidhani hayaishi. Kwenu kuna selimundu? Unatoka jasho usiku? Umepungua? Pombe? Macho yamewahi kuwa ya njano? Mwisho akauliza utotoni ulikuwa unaogelea wapi, nikasema ziwani kila siku, akapigia mstari. Huyo ndo mtu wa kwanza kuniuliza hilo.

Damu ikaonyesha chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni elfu 82 na zinatakiwa zianzie elfu 150, akasema bandama likiwa kubwa linazizuia humo ndani. Wakaangalia damu kwenye darubini kama kuna saratani (siku mbili sijalala), hamna. Ini linafanya kazi vizuri. Choo nimepeleka mara tatu, mayai hakuna, ila kipimo cha damu cha kichocho, ile minyoo ya kwenye maji ya ziwa, kikasoma ndiyo. Ultrasaundi ya pili ni ile inayoangalia na mwendo wa damu, mpimaji akanigeuza ubavu, jeli ya baridi, shikilia pumzi, nusu saa nzima, na ndo akaona mshipa unaoingiza damu kwenye ini umezungukwa na makovu, damu inapita kwa shida inarundikana nyuma, bandama linavimba. Kichocho cha utotoni hicho, mimi hata sikumbuki kuumwa!

Nimemeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kipimo cha uzito, nikaingizwa kamera kooni kuangalia mishipa isije ikapasuka ikavuja damu, imekutwa imevimba kidogo, nimepewa dawa ya kushusha presha ya huko. Mpira nimekatazwa, teke moja la mbavuni bandama linaweza kupasuka.

Hawa nawapa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu sampuli yangu ilipotea nikatobolewa upya, na hakuna aliyesema samahani. Dokta hakunidanganya lakini, kaniambia dawa inaua minyoo ila makovu yanaweza kubaki na bandama lisirudi lilivyokuwa. Narudi kupimwa baada ya miezi sita, na safari hii nimeomba mpimaji yuleyule.