Seti ya alama za mzigo mpana: bango zuri, bendera za kubadilisha mapema

Begi hili linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya malori Dodoma, na ndani yake mna mabango mawili ya MZIGO MPANA, bendera sita nyekundu, taa mbili za njano za kuzunguka na roli moja ya stika za kuakisi. Kwa mwenye lobedi (tela la chini la kubebea mashine) anayepeleka kijiko, yaani mashine ya kuchimba, Manyoni leo na buldoza Kondoa kesho, linapunguza mahangaiko. Ila usilifunge jinsi lilivyotoka dukani. Tenga nusu saa ulirekebishe kwanza.

Bango ndilo kitu bora humo. Turubai ni zito, herufi nyeusi juu ya njano ni nene na zinasomeka kwa mbali. Udhaifu uko kwenye vile vitundu vinne vya pembeni. Ukifunga kwa kamba ya manila na kuikaza, upepo hauna pa kupumulia, na kitundu kinang'oka na kipande cha turubai. Kata vipande vya tyubu ya ndani ya tairi, upana wa vidole viwili, ufungie hivyo: mpira unavutika na kurudi. Bango la mbele likae chini ya grili, lisizibe rejeta, taa wala namba ya gari. Lobedi iliyobeba tani nyingi ikipanda mlima huku rejeta imezibwa, injini itachemka tu. Mzigo ukishushwa, bango likunjwe. Lori tupu likizunguka na MZIGO MPANA, madereva wengine wanazoea kulipuuza.

Sasa bendera. Ni kitambaa chepesi cha poliesta, pindo limeshonwa mara moja, na kila moja ina kamba kwenye pembe moja tu. Bendera ya hivyo gari likichanganya mwendo inajisokota kwenye mnyororo mpaka inabaki kama utambi mwekundu. Dereva anayekuja mbele haoni kitu. Nyuzi zinaanza kuchomoka upande unaopigwa na upepo, na kwa upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti zinakwisha haraka. Dawa yake ni kushona mfuko kwenye ubavu mmoja, kuingiza ufito, kisha kufunga ufito wenyewe juu na chini. Rangi nayo ina neno: wekundu wa kawaida ukishapigwa jua na vumbi la udongo wetu, unafanana na udongo wenyewe. Ukipata kitambaa cha machungwa kinachong'aa, chukua hicho. Kanuni za Marekani zinataka bendera yenye angalau sentimita 45 kila upande, nyekundu au ya machungwa inayong'aa. Za begi hili ni ndogo kuliko hapo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, si la begi. Ni la mfungaji. Utingo wengi hufunga bendera kwenye pembe za tela kwa sababu ndiko kuna pa kufungia, wakati kilichotokeza ni cheni ya kijiko au bledi la buldoza. Alama inakaa pale mzigo unapoishia. Ukishapakia na kukaza minyororo, pima kutoka katikati ya tela kwenda kila upande, maana mashine mara nyingi haikai katikati sawasawa. Tafuta ncha iliyotoka kuliko zote, mbele na nyuma, kulia na kushoto, ufunge hapo. Kitu kinachotokeza nyuma kikizidi upana wa sentimita 60 hivi, bendera moja haitoshi. Weka mbili, moja kila pembe, mtu aone upana wote.

Taa zinawaka vizuri, lakini soma maandishi kwenye kitako kabla ya kulipa. Malori mengi ni volti 24, pikapu ya kusindikiza ni 12. Taa ya 12 ukiichomeka kwenye lori, umeiunguza. Chukua iliyoandikwa 12–24, na uweke fyuzi kwenye waya. Sumaku ya kitako inashika paa la bati tu. Kizuia upepo cha juu ya kabini ni faiba, hapo tumia bolti.

Stika za kuakisi tumeziona za wastani. Zenye alama ya 104R, yaani kiwango cha kimataifa cha stika za kuakisi za malori, ndizo za kuaminika, na za begi hili hazina. Vyovyote iwavyo, stika haishiki juu ya grisi, kutu wala tope. Badala ya kuhangaika na cheni ya kijiko, bandika kwenye kipande cha bati kilichofutwa kwa spiriti, kisha kitoboe na ukifunge kwa waya.

Ambacho hakimo kabisa ni ufito wa kupimia kimo. Kijiko kilichokunjwa, kiwiko cha mkono wake ndicho huwa juu kuliko vyote, na nyaya za umeme zinazokatiza barabara za vijijini hazina huruma. Gari la kusindikiza linalotangulia mbele libebe ufito unaozidi kimo cha mzigo kwa sentimita 10 hadi 15. Saa za kutembea na magari ya kusindikiza, fuata kibali cha TANROADS neno kwa neno.

Nunua begi kwa ajili ya mabango na taa. Bendera kashonewe kwa fundi, kumi badala ya sita, nne zikae kabini kama akiba.